Baba Yara: Winga wa Black Stars aliyelikosa kombe la kwanza kwa miezi minane

Ukifuatilia soka la Ghana, lazima utakuwa umesikia jina la Baba Yara. Ni uwanja mkubwa pale Kumasi, wa watu 40,000 hivi, nyumbani kwa Asante Kotoko. Mashabiki wengi wa leo wanaujua uwanja tu. Mwenye jina je?

Alizaliwa Kumasi mwaka 1936, enzi hizo nchi ikiitwa Gold Coast na ikitawaliwa na Waingereza. Na kabla hajawa mtu wa mpira alikuwa mtu wa farasi. Alipanda farasi wa mashindano kule Accra, kazi inayotaka mwili mwepesi na roho ngumu. Vyote viwili akahamia navyo uwanjani.

Kotoko wakamchukua katikati ya miaka ya 1950. Akacheza winga ya kulia, na muda si mrefu akawa tegemeo la timu ya taifa pia. Mbio alikuwa nazo, mguu wake ulikuwa na nguvu, na tofauti na mawinga wengi wa zama zile, hakuishia kumwaga krosi tu, alifunga pia. Waghana wakampa cheo cha Mfalme wa Mawinga.

Bahati yake, au mtihani wake, ni kwamba alichipukia wakati ambao mpira wa Ghana haukuwa mpira tu. Nchi ilipata uhuru Machi 6, 1957, na Rais Kwame Nkrumah aliamini timu ya taifa inaweza kuitangaza Afrika huru haraka kuliko hotuba. Ndiyo maana timu ikaitwa Black Stars, nyota nyeusi ileile iliyo kwenye bendera. Agosti 1962 Real Madrid walitua Accra na kulazimishwa sare ya 3-3. Dunia ikaanza kugeuza shingo.

Ili timu ya taifa iwe kali zaidi, bosi wa michezo wa Nkrumah, Ohene Djan, alianzisha klabu maalumu mwaka 1961: Real Republikans. Utaratibu ulikuwa rahisi, ila ulichoma watu moyo. Klabu za ligi zilichukuliwa wachezaji wao bora wakaunda kikosi kimoja, wazoeane wiki hadi wiki. Kotoko walilalamika sana. Fikiria timu yako inyang'anywe nyota wake kwa amri ya serikali! Miongoni mwa waliohamishwa alikuwa Baba Yara.

Kwa hiyo kila wikiendi Republikans walipanda basi kwenda kucheza mechi za ligi mikoani, wakijinoa kwa ajili ya kazi kubwa iliyokuwa mbele. Ghana ilikuwa imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Novemba 1963.

Machi 24, 1963, walikuwa wakirudi kutoka mechi ya ligi huko Kpandu, mkoa wa Volta. Karibu na mji wa Kpeve, basi likapata ajali. Baba Yara aliumia uti wa mgongo, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa na miaka 26.

Alisafirishwa hadi Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Kwa majeraha ya uti wa mgongo, wakati ule ilikuwa vigumu kupata pa zaidi ya hapo. Ndiyo hospitali ambayo michezo yake ya wagonjwa wa viti vya magurudumu ilikuja kuzaa Paralimpiki. Lakini miguu haikurudi. Baba Yara akarejea Ghana akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Novemba ikafika. Kombe la Mataifa likachezwa Accra na Kumasi, yaani hadi kwenye jiji alikozaliwa. Ghana ikashiriki kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Charles Kumi Gyamfi. Walianza kwa sare ya 1-1 na Tunisia, wakaipiga Ethiopia 2-0, na Desemba 1 fainali ikaisha kwa Sudan kulala 3-0. Ghana bingwa wa Afrika. Miezi minane tu baada ya Kpeve.

Mwaka 1965 wakalibeba tena, safari hii wakiwa Tunisia. Makombe mawili mfululizo, na mtu aliyekuwa amesaidia kuijenga timu hiyo hakuwepo uwanjani hata dakika moja.

Nkrumah alipinduliwa Februari 1966, na Republikans nao wakavunjwa. Mei 1969 Baba Yara akafariki dunia, akiwa na miaka 32. Hakuiona hata klabu yake ya zamani ikiwa bingwa wa klabu Afrika. Kotoko walitwaa ubingwa wa msimu wa 1970 kwa kuwafunga TP Englebert, ambao leo ni TP Mazembe, mjini Kinshasa.

Uwanja wa Kumasi ulikuja kupewa jina lake miaka ya 2000, zaidi ya miaka 30 tangu afariki. Mwaka 2008, Kombe la Mataifa liliporudi Ghana, baadhi ya mechi zilichezwa hapo.

Historia ya Black Stars huwa inahesabiwa kwa makombe manne: 1963, 1965, 1978 na 1982. Baba Yara hana hata moja kwa jina lake. Lakini hakuumia akiwa kwenye starehe zake. Alikuwa kazini, akitoka kwenye mechi ya kawaida ya ligi, kwenye safari zilezile zilizoiandaa timu ya taifa kuwa bingwa. Hesabu ya kombe la kwanza bila Kpeve haijakamilika.