Wilt Chamberlain: Mfungaji wa pointi 100 aliyejifunza kugawa mpira

Timu ya mpira wa kikapu ikiwa na nyota watatu au wanne, na mpira ni mmoja, nani aushike? Leo tunalijibu swali hilo kwa kukusimulia maisha ya Mmarekani Wilt Chamberlain.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kila timu inaingiza wachezaji watano. Katika ligi ya NBA ya Marekani, timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kuutupa kikapuni. Kwa hiyo nafasi za kutupa zina kikomo. Mmoja akizichukua nyingi, wenzake wanabaki na chache.

Chamberlain alizaliwa Philadelphia tarehe 21 Agosti 1936. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.1, mwenye nguvu na mbio. Alipoingia NBA mwaka 1959, timu yake ya Warriors iliona njia rahisi ya kufunga: mpeni Wilt. Msimu wa 1961 hadi 1962 alitupa karibu mara 40 kila mchezo, akafunga wastani wa pointi 50.4.

Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, alifunga pointi 100 dhidi ya New York. Hadi leo hakuna aliyezifikia katika ligi hiyo. Mchezo haukuonyeshwa kwenye televisheni. Kilichobaki ni sauti ya matangazo ya redio ya robo ya mwisho, jambo linalotufurahisha sisi watu wa redio. Usiku huohuo mwenzake Al Attles alitupa mara nane na zote nane zikaingia, lakini ni wachache wanaomkumbuka.

Je, pointi hizo zote zilileta kombe? Hapana. Msimu huohuo Boston, iliyokuwa na Bill Russell, iliwatoa kwa tofauti ya pointi mbili tu katika mchezo wa saba. Boston ilikuwa na wafungaji wengi, na ukimzuia mmoja, mwingine anakuumiza.

Mabadiliko yalikuja msimu wa 1966 hadi 1967. Chamberlain sasa alikuwa katika timu ya 76ers ya Philadelphia, na kocha Alex Hannum alimtaka apunguze kutupa. Haikuwa rahisi kumwambia hivyo mtu aliyeongoza ligi kwa kufunga misimu saba mfululizo. Lakini alikubali. Akawa anatupa takriban mara 14 kwa mchezo. Mpira ulipomfikia karibu na kikapu, wapinzani wawili au watatu walimkimbilia, naye akautoa kwa mwenzake aliyeachwa peke yake: Hal Greer, Chet Walker au Billy Cunningham. Wachezaji sita wa timu hiyo walifunga wastani wa zaidi ya pointi 10 kila mmoja. Walishinda michezo 68, wakapoteza 13, wakaing'oa Boston iliyokuwa imetwaa ubingwa miaka minane mfululizo, na wakachukua kombe.

Hata hivyo kugawa nako kuna kipimo chake. Msimu uliofuata Chamberlain aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi zilizozaa vikapu, 702. Walipokutana tena na Boston, Philadelphia iliongoza michezo mitatu kwa mmoja, kisha ikapoteza mitatu mfululizo. Katika mchezo wa saba, kipindi chote cha pili, alitupa mara mbili tu. Wengine husema alijificha, wengine husema wenzake walimsahau. Vyovyote iwavyo, silaha kubwa ya timu ilikaa bila kutumika siku ilipohitajika zaidi.

Mwaka 1968 alihamia Lakers ya Los Angeles, kwa Jerry West na Elgin Baylor. Ukisikia majina hayo matatu unadhani kombe limeshapatikana. Lakini Baylor alipenda kupenya kuelekea kikapuni, na eneo hilohilo ndilo alilosimama Chamberlain. Wakafungwa na Boston katika mchezo wa saba wa fainali ya 1969, 108 kwa 106.

Jibu lilipatikana msimu wa 1971 hadi 1972 chini ya kocha Bill Sharman. Baylor alistaafu kwa maumivu ya goti msimu ukiwa bado mchanga, na kila aliyebaki akawa na kazi yake. Chamberlain alidaka mipira iliyogonga ubao na kurudi, akaitupa mbele haraka, akalinda kikapu. West aligawa pasi na kufunga. Gail Goodrich alifunga. Chamberlain alimaliza na wastani wa chini ya pointi 15, lakini timu ilishinda michezo 33 mfululizo, kisha ubingwa. Akiwa na miaka 35, na mkono umeumia, alichaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Aliacha NBA mwaka 1973, akafariki Los Angeles tarehe 12 Oktoba 1999 akiwa na miaka 63. Makombe yake mawili aliyapata katika misimu aliyotupa kidogo, na ule wa wastani wa pointi 50 haukumpa hata moja.

Basi ukitazama vijana wakicheza kwenye uwanja wa shule jirani, usihesabu tu nani kafunga nyingi. Angalia wapinzani wanamkimbilia nani, kisha uone kama mpira unamfikia yule waliyemwacha wazi. Na huyo nyota wao, zamu yake ikifika, naye atupe.