Imamu Ghazali: Aliacha Fahari, Akapata Furaha



Wengi wetu hudhani kuwa furaha itakuja siku tutakapopata cheti, kazi, nyumba au jina. Hebu tumtazame mtu aliyepata makubwa kuliko hayo, na bado akakosa raha.

Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali (Rahimahullah) alizaliwa mjini Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yake alikuwa maskini, msokotaji wa sufi, naye alifariki watoto wake wakiwa wadogo. Inasimuliwa kuwa urithi mdogo aliowaachia ulipokwisha, yeye na nduguye Ahmad waliingia madrasa ili pamoja na elimu wapate na chakula. Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Juwayni, akawashinda wenzake wengi.

Mwaka 484 Hijria (1091) Waziri Nizamul-Mulk alimteua kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola walimheshimu. Lakini alipoikagua nia yake, aliona kuwa anasomesha kwa kutafuta jina na cheo, si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwa miezi sita alivutana na nafsi yake: leo aondoke, kesho abaki. Mwisho ulimi ukawa mzito hata akashindwa kusomesha, chakula hakikupita, na matabibu wakakata tamaa.

Mwaka 488 Hijria (1095) akamlilia Mola wake, na kuacha cheo kukawa kwepesi kwake. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaondoka. Alikaa Damascus akijifungia katika mnara wa msikiti kwa ibada, akazuru Baitul-Maqdis, kisha akahiji. Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa Ulumid-Din, chenye vitabu arubaini ndani yake. Aliandika pia kwa Kifarsi Kimiya cha Furaha, akifundisha kuwa furaha ya kweli huanza kwa mtu kuijua nafsi yake na kumjua Mola wake.

Mwaka 499 Hijria (1106) alirudi kusomesha, mara hii Nishapur. Zingatieni hapa ndugu zangu: kazi ilikuwa ileile, ila moyo ulikuwa mwingine. Zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo. Sasa alifundisha elimu ya kumfanya mtu akiache. Alifariki kwao Tus mwaka 505 Hijria (1111).

Basi mwanafunzi, si lazima uhame mji wala uache shule. Daftari ni lilelile na mwalimu ni yuleyule. Kabla ya kufungua kitabu kesho asubuhi, jiulize unasoma kwa ajili ya nani. Ukiitengeneza nia, hata somo gumu litakuwa na raha yake, na mwenzako akikushinda hutanuna.

Mwenyezi Mungu atutengenezee nia zetu. Amin.