Mwalimu Fabre na Wadudu Wake

Wanachuo hutuuliza mara kwa mara wafanyeje somo la wadudu pasipo vifaa. Maisha ya Jean-Henri Fabre yaweza kuwafaa.

Alizaliwa mwaka 1823 kijijini Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa, katika ukoo wa wakulima maskini. Hakuwa ametimiza miaka 19 alipopewa darasa mjini Carpentras. Alipowapeleka wanafunzi uwandani kujifunza kupima ardhi, aliona wanaacha vigingi na kuokota mawe yenye viota vya udongo vya nyuki wa porini, wakifyonza asali kwa mabua. Mwalimu mwingine angeshika fimbo. Fabre alifyonza pamoja nao, kisha akatamani kumjua nyuki yule. Akanunua kitabu cha wadudu kwa fedha zilizolingana na mshahara wake wa mwezi mzima.

Baadaye, huko Avignon, alifundisha masomo ya jioni bila ada, na wasichana wakahudhuria. Kwa kuwaeleza jinsi maua yanavyochavushwa alichukiwa na baadhi ya wakubwa na makasisi. Mwaka 1870 akatolewa katika nyumba aliyopanga, naye ana mke na watoto watano. Akaishi kwa kuandika vitabu vya shule. Mwaka 1877 alifiwa na Jules, mwanawe aliyekuwa msaidizi wake. Nyigu wa aina tatu akawapa jina la mtoto huyo.

Mwaka 1879 alihamia Sérignan, katika kiwanja cha mawe na miiba, akakaa humo hadi kufa mwaka 1915. Nadharia ya Darwin aliikataa mpaka mwisho, na hapo twaona alikosea. Katika kuchunguza, hata hivyo, wachache walimfikia.

Asubuhi moja nondo jike mkubwa alitoka katika kifukofuko chake. Fabre akamfunika kwa kawa la wavu wa waya. Usiku mwanawe mdogo, Paul, alimwita kwa kelele: madume yapatayo 40 yalikuwa yameingia nyumbani. Yalijuaje kwamba jike yumo? Fabre alimfungia katika visanduku vilivyozibwa kabisa. Hakuna dume lililokuja. Kwa nondo wa aina nyingine alimweka jike ndani ya kioo kilichozibwa, aonekane wazi. Madume yalimpita, yakakusanyika pale alipokuwa amekaa kwanza. Basi kilichoyavuta ni harufu, wala si macho.

Kawa, kisanduku na kioo: vifaa vyenyewe ni hivyo.