FRANCES HAVERGAL: MTU ALIYEJITOA KILA SIKU

Wengi wetu tunaujua wimbo ule unaomwomba Bwana aupokee uhai wetu, na mikono yetu, na miguu, na sauti, na fedha yetu pia. Aliyeutunga kwa Kiingereza alikuwa mwana wa Kanisa letu la Anglikana, Frances Ridley Havergal. Yafaa tujue habari zake, kwa maana kuutunga wimbo ule kulimchukua usiku mmoja tu, bali kuutimiza kulimchukua siku zote zilizombakia.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1836 katika kijiji cha Astley, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji hicho, tena mtunzi wa muziki wa kanisani. Frances alikuwa kitinda mimba wa watoto sita, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Alipokuwa na miaka 14 alimkabidhi Mwokozi nafsi yake. Baadaye alijifunza Kiebrania na Kiyunani ili asome Maandiko vizuri zaidi. Hata hivyo kwa miaka mingi moyo wake haukutulia. Alimpenda Bwana, lakini alijiona kama mtu aliyefungua mlango nusu.

Katika majira ya Majilio ya mwaka 1873 alisoma kijitabu juu ya kuwa mali ya Yesu kabisa. Hapo akaona wazi kwamba hawezi kupata baraka yote pasipo kujitoa kwa yote, naye akajitoa.

Haukupita muda, mwezi wa Februari 1874, alikwenda kukaa siku tano katika nyumba iliyoitwa Areley House. Watu kumi walikuwamo. Wengine walikuwa wameombewa muda mrefu wapate kuokoka, na wengine walikuwa Wakristo wasio na furaha. Aliomba Mungu ampe wote waliomo, na kabla ya kuondoka kwake wote walibarikiwa. Usiku wa mwisho hakuweza kulala kwa furaha. Akawa anamsifu Mungu na kujitoa tena kwake, na maneno ya wimbo yakaja moja baada ya jingine mpaka ukamalizika.

Lakini tusidhani kwamba kazi ilikwisha usiku ule. Aliyempa Bwana mikono yake alijaribiwa kwa kazi ya mikono hiyo hiyo. Mwaka 1876 nyumba ya wapiga chapa iliungua moto, na kazi yake kubwa ya nyimbo na muziki ikateketea. Ilimbidi aketi aandike upya kazi ya miezi mingi. Aliipokea kama somo kutoka kwa Mungu, akaanza tena. Sauti yake nayo ilikuwa nzuri, hata watu walipenda kumsikia, lakini aliamua kuimba nyimbo za kumsifu Mungu tu.

Tena, katika wimbo alikuwa amemtolea Bwana fedha na dhahabu. Hata hivyo vito vyake vilikaa sandukuni zaidi ya miaka minne. Mwezi wa Agosti 1878 ndipo alipoona maana ya maneno yake mwenyewe. Alifunga karibu vitu 50 vya thamani pamoja na sanduku lenyewe, akavipeleka kwa chama cha CMS viuzwe kwa kazi ya Injili. Alibakiza vichache tu vya ukumbusho wa jamaa zake. Chama hicho ndicho kilichoanzisha Freretown, Mombasa, mwaka 1875, kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru.

Nguvu hiyo aliitoa wapi? Alikuwa na desturi. Saa moja asubuhi wakati wa kiangazi, na saa mbili wakati wa baridi, alikuwa mezani na Biblia yake. Mwaka 1879 aliweka daftari la kuandika rehema za Mungu siku kwa siku. Katika kitabu chake cha mwisho alieleza wimbo ule sehemu kwa sehemu, akafundisha kwamba haitoshi kumwomba Bwana atupokee. Imetupasa tumwombe pia atutunze, kwa kuwa tulichompa jana twaweza kumnyang'anya leo.

Mwezi wa Mei 1879, huko Wales, alitoka kuzungumza na wanaume na vijana juu ya kuacha ulevi. Alilowa, akashikwa na baridi, akaugua. Alifariki tarehe 3 Juni, akiwa na miaka 42, akazikwa Astley.

Ndugu zangu, nasi kila tunapotoka kwenye Meza ya Bwana twajitoa, roho zetu na miili yetu, kuwa dhabihu iliyo hai. Je, Jumatatu ikifika, ulimi ni wa nani? Mfuko ni wa nani? Basi kila asubuhi, kabla hujashika jembe au kalamu, mpe Bwana mikono hiyo kwa siku hiyo moja. Kesho umpe tena. Na kama kuna sanduku ambalo bado hujalifungua mbele zake, mwombe akuonyeshe.

Mungu atupe neema hiyo sote. Amina.