George Washington Carver: mwalimu aliyepeleka shule shambani kwa maskini

Ukimwona afisa ugani akishuka kwenye pikipiki kijijini kwako, kumbuka kwamba kazi hiyo ina historia ndefu. Mmoja wa walioitangulia ni George Washington Carver, mtu aliyezaliwa mtumwa nchini Marekani.

Carver alizaliwa katika jimbo la Missouri, karibu mwaka 1864. Mwaka wenyewe haukuandikwa, kwa sababu watumwa hawakuandikiwa tarehe za kuzaliwa. Akiwa bado mchanga, wezi wa watumwa walimteka pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Yeye na kaka yake walilelewa na Moses Carver na mkewe, waliokuwa wamemmiliki mama huyo.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Carver aliondoka nyumbani angali mdogo, akahama mji hadi mji akitafuta masomo, huku akifua nguo na kupika ili apate riziki. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona rangi yake. Hakukata tamaa. Hatimaye alisomea kilimo katika jimbo la Iowa, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita kufundisha katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Huko alikuta hali ngumu. Utumwa ulikuwa umekwisha, lakini familia nyingi za watu weusi hazikuwa na ardhi. Zililima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Mbegu na chakula walichukua kwa mkopo, wakilipa wakati wa mavuno, na mara nyingi mwaka uliisha deni likiwa palepale. Pamba ililimwa mwaka baada ya mwaka, udongo ukachoka.

Carver aliwafundisha kubadilisha mazao: baada ya pamba, wapande kunde, karanga au viazi vitamu. Kunde na karanga hurudisha naitrojeni ardhini, na zote tatu ni chakula cha nyumbani. Kwa asiyeweza kununua mbolea, alishauri majani yaliyooza ya msituni na tope la mabwawani. Aliandika vijitabu kwa lugha nyepesi, vikiwa na maelezo ya kilimo pamoja na mapishi. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilitaja njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula.

Lakini mtu mwenye deni na watoto hawezi kuacha shamba aende chuoni. Kwa hiyo mwaka 1906 chuo kilianza kupeleka mafunzo vijijini kwa gari lililokokotwa na wanyama, likibeba majembe ya kulimia, mbegu na vyombo vya kusindika maziwa. Fedha zilitoka kwa tajiri Morris K. Jesup wa New York, na gari likapewa jina lake. Thomas Campbell, aliyesoma Tuskegee, ndiye aliyeajiriwa na serikali kulizungusha. Baadaye lilikuja gari la injini, likiwa na muuguzi na mwalimu wa mambo ya nyumbani, kwa maana familia inahitaji afya na lishe pamoja na mavuno.

Je, umaskini uliisha? Hapana. Wenye mashamba wengi waliendelea kudai pamba, na mkulima asiye na ardhi hakuwa na sauti kubwa juu ya kinachopandwa. Bidhaa nyingi alizobuni Carver hazikufika sokoni, na siagi ya karanga, ambayo wengi humpa yeye sifa yake, ilikuwepo kabla yake. Hata hivyo, bustani ya mboga, kunde shambani na chakula kilichohifadhiwa vilikuwa vitu ambavyo familia maskini iliweza kuvifanya bila kusubiri mkopo.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943. Hakuwahi kuoa, na akiba yake aliiachia kazi ya utafiti Tuskegee. Amezikwa hapohapo chuoni, kando ya Booker T. Washington.