Abraham Block: Muuza Magodoro Aliyekuja Kuwa Mwenye Hoteli

Hapa kwetu Kapsokwony tukisema hoteli hatumaanishi jumba la ghorofa lenye vitanda. Twamaanisha mahali pa kula: meza mbili tatu, mabenchi, chai ya maziwa, mandazi, chapati kwa maharagwe, mama akiwa jikoni na watoto wake wakiosha vikombe. Haya nayajua vizuri kwa sababu mama yangu anayo hoteli kama hiyo kando ya barabara iendayo Kimilili. Kila asubuhi kabla ya kuja shule huwa nimekwisha kuwasha moto na kukata mandazi. Mwaka jana nilikaa nyumbani karibu nusu muhula kwa ajili ya karo, nikaanza kuwaza kwamba heri niache masomo kabisa nishike hoteli. Ni wakati huo nilipopata habari za Abraham Block, nami naona si vibaya niwasimulie wenzangu.

Abraham Block alizaliwa mwaka 1883 katika nchi ya Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Alikuwa Myahudi, na Wayahudi wa huko waliishi kwa taabu na kuonewa sana. Akiwa bado kijana alihamia Afrika Kusini, kisha mwaka 1903 akaja nchi hii ambayo siku hizo haikuitwa Kenya bado. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu, yaani ametuzidi sisi wa kidato cha tatu kwa miaka michache.

Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, pale ulipo mji wa Eldoret leo, si mbali na mlima wetu. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa hata kidogo. Mwaka 1905 mkutano wa Wayahudi ulilikataa pendekezo hilo, lakini Block hakurudi alikotoka. Alishika jembe upande wa Kiambu, akawa pia akifanya biashara ndogondogo za hapa na pale.

Nairobi ya siku zile si hii tunayoisikia. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na mji wenyewe ulikuwa mabanda ya mabati na matope. Mwaka 1902 mama mmoja aliyeitwa Mayence Bent alianzisha hoteli aliyoipa jina la Stanley. Wageni walikuwa wengi kuliko vitanda. Inasimuliwa kwamba Block aliona hoteli hiyo imepungukiwa magodoro, naye hakuwa na kiwanda wala mtaji wa maana. Alichokuwa nacho ni macho na mikono. Akakata nyasi, akazikausha, akanunua kitambaa, akashona magodoro na kuyauza. Kumbe kitu ambacho ng'ombe wanakanyaga kila siku chaweza kuwa mali!

Hoteli ya Stanley iliungua mwaka 1905 ikahamishwa, na baadaye ikajengwa upya kwa jina la New Stanley. Hoteli nyingine, Norfolk, ilikuwa imefunguliwa Desemba 1904. Hapo ndipo walipofikia wakubwa na matajiri waliokuja kuwinda. Hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifikia hapo mwaka 1909.

Block aliendelea polepole, haba na haba. Alioa mke aliyeitwa Sarah, wakajaliwa watoto. Mwaka 1927 akainunua Norfolk. Hebu fikiri, kutoka mwaka 1903 hadi 1927 ni miaka 24! Sisi tukiuza mandazi mwezi mmoja bila faida twataka kufunga. Halafu mwaka 1947 familia yake ikainunua New Stanley, hoteli ile ile ambayo mzee aliiuzia magodoro ya nyasi. Wanawe Jack na Eric, ambaye watu walimwita Tubby, waliishika kazi pamoja na baba yao. Mwaka 1959 pale New Stanley ukafunguliwa mkahawa wa Thorn Tree, chini ya mti wa miiba, na wasafiri wakazoea kubandika barua zao kwenye mti huo ili wenzao wazikute. Familia hiyo ilikuja pia kuwa na hoteli pwani na katika mbuga za wanyama.

Lakini wasomaji wenzangu, sitaki niwasimulie nusu ya hadithi. Nilipofika hapa nilijiuliza: je, kijana Mwafrika mwenye macho na mikono kama ya Block angeweza kufanya vile? Jibu ni hapana. Miaka mingi ya ukoloni Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za Nairobi kama mpishi, mtumishi au dobi. Kuketi mezani aagize chakula, haikuruhusiwa. Chakula kilichozipa hoteli zile sifa kilipikwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Block alitoka kwenye kuonewa kwao, akafika mahali ambapo rangi ya ngozi yake ilimfungulia milango. Bidii yake ilikuwa ya kweli, na ile milango nayo ilikuwa ya kweli. Ukitaja moja ukaacha jingine, umedanganya.

Mzee Block aliiona Kenya ikipata uhuru Desemba 1963, akafariki mwaka 1965. Mwaka 1978 New Stanley iliuzwa kwa kampuni ya Sarova. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka Norfolk likaua watu wapatao 20. Baadaye Norfolk nayo ikatoka mikononi mwa familia. Majengo bado yapo, lakini jina la Block haliko mlangoni.

Mimi nilipoyafikiria haya yote nilirudi shule. Sikurudi kwa kudharau hoteli ya mama, la hasha! Nilirudi kwa sababu niliona kwamba mama anajua kupika, ila hesabu ya deni huandika kwa mkaa ukutani, na ikifutika basi hasara ni yetu. Siku hizi jioni nikitoka shule namwandikia kwenye daftari: unga, sukari, mafuta, na majina ya wanaokula kwa mkopo. Wiki ya kwanza tuligundua kwamba chapati zilikuwa zikituletea hasara kila siku bila sisi kujua! Tukaongeza bei kidogo, na wateja hawakutukimbia.

Wanafunzi wenzangu, mlango ambao babu zetu walifungiwa sisi tumefunguliwa. Ukirudi nyumbani leo, tazama huko kwenu ni kitu gani kinachokosekana. Huenda nyasi za godoro lako zimeota hapo nyuma ya nyumba. Lakini kwanza tumalize shule.