Klementi wa Iskanderia na Mwandiko wa Makuhani

Kati ya walimu wa Kanisa la kwanza tunaowataja mara chache yumo Klementi wa Iskanderia. Alizaliwa yapata mwaka 150, akazunguka nchi nyingi akitafuta mwalimu wa kumtosheleza, hata akamwona Panteno huko Misri. Hapo akatulia, na baadaye akafundisha yeye mwenyewe.

Wakristo wengi wa mji ule waliiogopa elimu ya mataifa. Klementi hakuiogopa, nasi twaona alifanya vema, maana ndiyo sababu aliyatazama hata mahekalu ya Wamisri kwa makini. Ametuachia habari za maandamano yao, na mwandishi wa hekalu akipita na manyoya kichwani, kitabu mkononi, wino na kalamu yake ya tete.

Katika kitabu cha tano cha Stromata alieleza jinsi Mmisri alivyofundishwa kuandika: kwanza mwandiko wa barua, kisha hieratiki, mwisho hieroglifu. Neno hieratiki latokana na neno la Kiyunani hiereus, yaani kuhani, ndilo aitwalo Zakaria, babaye Yohana, katika Injili ya Luka. (Kasisi wetu ni neno jingine: Kiyunani chamwita presbuteros, mzee.)

Lakini tusidhani kwamba mwandiko huo ulikuwa siri ya makuhani tangu mwanzo. La. Ulikuwa hieroglifu zilizoandikwa upesi kwa wino, na kwa zaidi ya miaka 2,000 ulitumika kwa hesabu za nafaka, barua, kesi na dawa. Ulipotokea mwandiko mwepesi zaidi, karne ya 7 K.K., watu wa shughuli za kila siku waliuacha pole pole, ukabaki hekaluni. Hivyo jina hilo lilifaa kwa siku za Klementi. Kwa mafarao wa kale halikufaa.

Yapata mwaka 202, Wakristo walipoteswa chini ya Kaisari Severo, Klementi aliondoka Iskanderia. Alifariki yapata mwaka 215. Makuhani wale nao wakaisha, na baada ya karne ya 5 hakusalia mtu wa kusoma maandiko yao. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuutafuta ufunguo wake, waliyarudia maneno yale machache ya Klementi. Hata Champollion, Mfaransa aliyezifumbua hieroglifu mwaka 1822, aliyachunguza, na mpaka leo mwandiko ule waitwa hieratiki.